Divisheni foo haipo, na mtoto naye hayupo

Februari 2025 nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, shule ya sekondari ya kanisa huku kwetu njia ya Morogoro, mwanangu anasoma hapo kidato cha tatu. Ukumbi umejaa, feni mbili zinazunguka na joto liko palepale, wamama wanajipepea na karatasi za ratiba. Baada ya sala mwalimu wa taaluma akawasha projekta akatuwekea taarifa ya mwaka ukutani, matokeo ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Nguzo ndefu ya kijani, divisheni wani, daraja la juu kabisa. Nguzo fupi ya njano, divisheni tuu. Baada ya hapo ukuta mtupu. Akanyamaza kidogo halafu akasema, wazazi wangu wapendwa, mwaka huu kwa neema ya Mungu tumefuta thrii, tumefuta foo na tumefuta ziro. Ukumbi mzima makofi na vigelegele, mama aliyekaa mbele yangu akasimama kabisa mikono juu. Na mimi nikapiga makofi, tena kwa nguvu.

Nimefika Mbezi Mwisho nasubiri gari la Kimara ndo nikamkumbuka mtoto wa dada yangu. Alikuwa darasa lilelile lililopigiwa makofi. Aliingia nao kidato cha kwanza, akafanya nao mtihani wa taifa wa kidato cha pili mwaka 2022 akapita, akasoma nao kidato cha tatu chote, Desemba 2023 dada akapewa barua kwamba wastani wa mtoto ni 47 na shule inataka 50 ili aingie kidato cha nne, kwa hiyo mzazi anashauriwa kumtafutia shule inayoendana na uwezo wake. Alama tatu. Siku hiyo walikuja kwangu na bajaji, vitu vyote vya bweni vimebanwa nyuma, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Akaniambia shikamoo mjomba, nikaitikia marahaba, akaenda kukaa kibarazani. Usiku natoka nje nikamkuta ana wembe, anakwangua kwenye tranka lake la bati pale palipoandikwa kwa rangi nyeupe jina la bweni na namba yake. Hakuwa analia. Alikuwa anakwangua tu, taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo Februari pale ukumbini, kwa sehemu fulani, nilikuwa nashangilia kwamba yule mtoto hayupo. Hilo limenikaa kooni mpaka leo na ndo sababu naandika. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: taarifa ya mwaka ya shule, na hasa shule inayojiita ya Kikristo, ianze kwa kuhesabu watoto walioingia mlangoni, divisheni zije baadaye. Ukianza na divisheni unahesabu mavuno bila kujua ulipanda mbegu ngapi.

Na hili jambo halihitaji mtaalamu wala kibali, unaweza kulifanya mwenyewe usiku huu na simu yako kama una bando. Kila shule ina namba ya kituo cha mtihani, ile inayoanza na herufi S. Ingia tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, fungua matokeo ya kidato cha pili ya 2022, tafuta shule ya mwanao, angalia waliofanya mtihani walikuwa wangapi, andika pembeni. Halafu fungua matokeo ya kidato cha nne ya 2024, kituo hichohicho, angalia tena. Ni darasa lilelile miaka miwili baadaye, toa namba moja kwenye nyingine uone. Najua sio kila aliyepungua amefukuzwa, kuna waliokwama ada, kuna ambao baba kahamishiwa kikazi Mwanza au Mbeya, kuna walioanguka mtihani wa serikali wakarudia kidato cha pili kwa utaratibu wa serikali yenyewe, na kuna wagonjwa. Lakini kuna na upande wa pili ambao wazazi wengi hawaufikirii, shule zinapokea wageni kidato cha tatu, na mgeni anayepokelewa ni yule aliyefaulu intavyuu, yaani kipanga kutoka shule nyingine anakuja kukaa kwenye kiti cha mtoto aliyeondolewa. Namba zinaweza zikalingana kabisa wakati sura zimebadilika. Kwa hiyo pengo unaloliona kwenye simu mara nyingi ni dogo kuliko pengo lenyewe.

Ngoja niweke mfano wa kutunga ili hesabu ionekane vizuri. Shule ya kwanza imeingiza watoto 100 kidato cha kwanza. Imechuja kidato cha pili, imechuja kidato cha tatu, kwenye mtihani wa mwisho wamekaa 70. Hao 70 wamepata wani 55 na tuu 15, hakuna thrii. Shule ya pili nayo imeingiza 100, imehangaika nao wote, watano wamehama kwa sababu za kifamilia, wamekaa 95. Wamepata wani 50, tuu 25, thrii 12, foo 8. Shule ya kwanza itaweka bango kubwa kuliko paa la geti, asilimia mia moja wani na tuu. Shule ya pili itaitwa ya kawaida, ina foo nane, wazazi watahamisha watoto. Sasa rudi kwa wale 100 walioingia. Shule ya kwanza imewafikisha watoto 70 kwenye wani na tuu. Shule ya pili imewafikisha 75. Ile inayodharauliwa ndo imefundisha zaidi, na juu ya hapo imewapa watoto wengine ishirini cheti mkononi! Nikimwonyesha mtu hesabu hii huwa anaangalia mara mbili, na mimi mwenyewe mara ya kwanza nilirudia.

Twende ndani ya hiyo wani yenyewe maana nayo inaficha mambo. Divisheni inapatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Wani inaanzia pointi 7 mpaka 17. Mtoto wa wani ya saba ana A saba. Mtoto wa wani ya kumi na saba anaweza kuwa na A moja, B mbili na C nne, na C inaanzia alama 45. Wote wawili wanaingia kwenye nguzo moja ya kijani pale ukutani. Simdharau wa kumi na saba hata kidogo, kapambana, ila shule inayosema wani 55 bila kuonyesha ni wani za ngapi imekupa nusu ya habari, maana huyo wa kumi na saba akifika kidato cha tano akiwa na C zake kwenye kombi ya sayansi anakutana na mlima, na mzazi anashangaa mbona mtoto wangu alikuwa na wani.

Halafu shuka chini kwenye ukurasa uleule wa matokeo ya kituo, kuna jedwali la masomo. Wengi hatufiki huko. Linaonyesha kila somo limefanywa na wangapi na wamefaulu wangapi. Angalia fizikia, angalia kemia. Kama shule ina watahiniwa 70 na fizikia wamekaa 25, uliza wale 45 nani aliamua waiache. Wapo walioichoka wenyewe, hilo ni sawa, mtoto anayetaka uhasibu hana haja ya kulazimishwa. Ila wapo waliotolewa kwa sababu F yao ya fizikia ingeharibu GPA, yaani wastani wa pointi, ya somo na ya shule, wakati mtoto kama huyo angeachwa akapata hata D angekuwa na mlango wa chuo cha afya. Nimemsikia mzazi analia dukani Kariakoo, amekuja kununua vitu vya shule vya mtoto wake mdogo, anasema yule mkubwa alitaka uganga, wakamtoa fizikia kidato cha tatu, leo vyuo vinamuuliza fizikia iko wapi.

Hesabu yenyewe ndo usiseme. Kitaifa, kwa matokeo ya 2023 na 2024, ni kama robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu hesabu, kwa hiyo shule inayofaulisha hesabu kwa watoto wa kawaida, wasiochujwa, hiyo ningeipeleka mwanangu leo hata kama haina bango wala basi la njano.

Tumefikaje hapa? Watu wa rika langu mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotoka Februari 2013, zaidi ya watoto 240,000 wakapata ziro, nchi ikatikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya pale neno ziro likawa kama ugonjwa wa mlipuko. Mzazi yeyote mwenye uwezo kidogo akawa anakimbiza mtoto shule binafsi, na shule binafsi zenye jina la mtakatifu au jina la kanisa zikawa za kwanza kukimbiliwa, kwa sababu tuliamini kuna nidhamu, kuna sala, na walimu wanaingia darasani. Na ni kweli, mambo hayo mengi yapo, siwezi kuyakana, mwanangu mwenyewe ameyapata. Tukawa tunakaa redioni kila mwaka kusikiliza kumi bora. Januari 2023 NECTA, kupitia kaimu katibu mtendaji wake wa wakati huo Athumani Amasi, wakasema basi, hatutangazi tena shule bora wala mwanafunzi bora, utaratibu huo hauna tija. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Ila kilichotokea ni kwamba shindano lilihama kutoka redioni likaenda kwenye mabango ya barabarani na kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko hakuna anayesimamia. Pita barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo mwezi wa pili uone sura za watoto kwenye turubai.

Na hata neno ufaulu lenyewe tuwe nalo makini. Matokeo ya kidato cha nne ya 2024 yaliyotangazwa Januari 2025, ufaulu wa taifa ulikuwa asilimia 92.37. Ukisikia hivyo unaona mambo safi. Lakini waliopata wani mpaka thrii ni kama asilimia 43, waliobaki kwenye huo ufaulu ni foo. Kwa hiyo mtu akikuambia shule yetu ufaulu asilimia mia, hajakuambia kitu bado, muulize mia ya nini, halafu mia ya wangapi.

Sasa nije kwenye Ukristo wa shule, maana hapa ndo kunaniuma zaidi. Shule binafsi ya mfanyabiashara ikichuja watoto nitaikosoa, ila angalau ameandika leseni ya biashara. Shule ya kanisa imeandika msalaba getini. Asubuhi watoto wanakusanyika chapeli, mchungaji anawasomea habari ya mtu mwenye kondoo mia, mmoja akapotea, akawaacha tisini na tisa akaenda kumtafuta yule mmoja. Mwezi wa kumi na mbili ofisi ya taaluma inakaa inatafuta nani wa kuondolewa ili wale wengine wabaki wasafi. Mtoto wa miaka kumi na saba ana akili, anaona. Mtoto wa dada yangu ndo aliniuliza, mjomba, yule kondoo aliyepotea wastani wake ulikuwa ngapi? Nilimwambia akalale. Sikuwa na jibu.

Na historia ya shule hizi inasema kitu kingine kabisa. Minaki pale Kisarawe, ambayo watu wa Dar wote wanaijua, mizizi yake ni Kiungani, Unguja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA miaka ya 1860 walianza kusomesha watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, chuo chao cha Mtakatifu Andrea kikahamia Minaki miaka ya 1920. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kazi yao ya mwanzo ilikuwa na watu hao hao, waliokombolewa utumwani. Hao ndo wanafunzi wa kwanza wa shule za kanisa pwani hii, watoto ambao hawana wazazi, hawana kabila la kurudi, wengine hawana hata lugha moja ya kuongea na mwalimu. Hakuna aliyewapa intavyuu. Najua baadaye mambo yalibadilika, shule za misheni zikawa na nafasi chache na zikachagua sana, Pugu ya enzi za Mwalimu Nyerere akifundisha kabla ya kuacha kazi 1955 haikuwa ya kila mtu. Nakubali. Lakini kuchagua kwa sababu una vitanda arobaini ni tofauti na kuondoa mtoto ambaye kitanda anacho, ada kalipa na jina liko kwenye daftari la mahudhurio.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ikazitaifisha shule nyingi kwa sheria ya 1969, seminari zikabaki. Zilipokuja kurudi kwa nguvu, makanisa yalirudi kwa hoja ya huduma. Mwaka 1992 serikali ikasaini makubaliano na CCT, jumuiya ya makanisa ya Kikristo, na TEC, baraza la maaskofu Katoliki, kuhusu huduma za jamii, elimu na afya, na hapo ndo ikaanzishwa CSSC, tume ya Kikristo ya huduma za jamii. Neno lililotumika ni huduma. Hospitali ya misheni nayo ni huduma kwa makubaliano hayohayo, na hakuna hospitali ya misheni inayoweza kusimama kanisani ikajisifu kwamba mwaka huu hakuna aliyefia kwetu kwa sababu mahututi wote tuliwatoa getini siku moja kabla. Tungeshtuka sote. Shule inafanya hivyo tunapiga vigelegele.

Nilimfuata mwalimu wa taaluma siku nyingine nikamuuliza kwa heshima, na lazima niseme alinisikiliza. Akaniambia, mzazi, mimi nilianza kazi nikiwa sitaki kuchuja. Mwaka ambao tulibaki na watoto wote tukapata foo kadhaa, mwaka uliofuata walioandikishwa kidato cha kwanza walipungua mpaka mishahara ikachelewa. Nyie ndo mnaopiga simu. Swali la kwanza mnauliza wani ngapi. Hakuna mzazi hata mmoja amewahi kuniuliza walioingia walikuwa wangapi. Nikanyamaza, maana mimi pia wakati namwandikisha mwanangu nilipiga simu na swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo.

Akasema na jambo la pili, kwamba wapo watoto ambao wamegoma kusoma kabisa, wanatoroka prepo, wanavuruga wenzao. Hao wapo, na shule ina haki ya kumwita mzazi na hata kufika mwisho wa safari kama nidhamu imeshindikana. Ila nidhamu ina utaratibu wake, ina onyo, ina bodi, ina barua zenye tarehe. Mtoto wa dada hakuwa na onyo hata moja. Alikuwa na 47. Na serikali imeshakataza mara kadhaa shule binafsi kumfukuza au kumkaririsha mtoto kwa wastani wa shule wakati mtihani wa taifa amepita, na kila mwaka barua zinatoka zimebadilishwa lugha tu, haziandiki amefukuzwa, zinaandika mzazi unashauriwa. Dada alishauriwa, na kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshapangiwa mtu.

Mimi nadhani pa kuanzia ni karatasi yenyewe ya taarifa. Ukurasa wa kwanza uwe hivi: walioingia kidato cha kwanza mwaka fulani, waliobaki kila mwaka, walioondoka na sababu yao, ada, kuhama, ugonjwa, nidhamu, wastani, waandike hivyohivyo bila kuona aibu. Wageni waliopokelewa kidato cha tatu wahesabiwe pembeni, wasichanganywe na wale wa mwanzo. Wasichana waandikwe peke yao. Serikali tangu Novemba 2021 imeruhusu msichana aliyejifungua arudi masomoni, basi shule ya kanisa iseme wazi, kwetu wamerudi wangapi, kama hakuna aliyerudi iandike hakuna, waumini tusome.

Halafu kuna kitu kikubwa ambacho sijawahi kukiona kwenye taarifa yoyote: hawa watoto wako wapi baada ya miaka mitano? Taarifa zetu zinaishia kwenye kuchaguliwa kidato cha tano, kana kwamba mtoto akipangiwa shule kama Kibaha au Kilakala maisha yake yamekamilika. Wapo waliopata wani ya nane wakafika chuo kikuu wakapotea mwaka wa kwanza, kwa sababu tangu kidato cha kwanza maisha yao ni kengele, kambi za likizo, desa la mwalimu na mtihani wa Jumamosi, hawajawahi kukaa na swali peke yao. Yupo aliyepata thrii akaenda chuo cha ufundi, VETA Chang'ombe, leo ana karakana yake Tabata na ameajiri vijana wawili. Shule haiwajui wote wawili. Wa kwanza bado yuko kwenye bango la zamani limechanika, wa pili hajawahi kualikwa hata kwenye mahafali. Shule ikinionyesha darasa la 2019 lote, huyu muuguzi, huyu ualimu, huyu amefungua saluni, huyu yuko nyumbani hana kazi, huyu tumempoteza hatujui alipo, hiyo nitaiamini kuliko nguzo kumi za kijani.

Utaniambia kuwafuatilia ni kazi ngumu na ghali. Kwa shule nyingine sawa, ila kwa kanisa sikubali. Makanisa yetu mengi kila muumini ana bahasha yenye namba, mtunza hazina anajua nani ametimiza ahadi na nani amebakiza, mwezi ukipita wazee wa kanisa wanakuja mpaka nyumbani. Kuna jumuiya kila mtaa, wanajua nani anaumwa na nani amehama chumba. Shuleni kuna vyama vya wanafunzi wa Kikristo, kuna UKWATA, kuna TYCS, kuna CASFETA, vijana wanatoka wana magrupu yao ya simu mpaka leo wanachangiana misiba na harusi. Mwalimu mmoja wa malezi akipewa simu, bando na muda kila Januari, darasa la watoto mia analimaliza kwa wiki mbili.

Na wakati wa kuamua ndo huu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, kuna mkondo wa amali sasa, mtoto anaweza kusoma fani huku anaendelea na sekondari. Misheni za zamani zilikuwa na karakana, useremala, uashi, uchapaji, hii kazi kanisa inaijua tangu zamani. Mtoto mwenye wastani wa 47 na mikono inayojua kufanya kitu angepata nafasi yake bila kubeba godoro. Ninachoogopa ni kwamba shule zetu zitaikwepa amali kwa hofu ya kuonekana ni za vilaza, zitabaki na mkondo uleule unaopendeza ukutani.

Mtoto wa dada alimalizia shule ya kata. Darasa lina watoto wengi, mwalimu wa hesabu mmoja, maabara ina meza lakini vifaa vya kugombania. Walimruhusu aendelee na fizikia kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kumzuia, na mwalimu wa kemia, kijana wa kujitolea, alikuwa anawabakiza wachache mpaka saa kumi na mbili jioni bila kuwadai hela. Akapata divisheni thrii ya 23, kemia C, baiolojia C, fizikia D, hesabu F. Sitasema ni matokeo makubwa. Oktoba ameanza chuo, anasoma famasi, juzi alinipigia anauliza kama nina koti jeupe la kazini la zamani maana la kununua amekuta bei kali. Kwenye taarifa ya shule ya kata yeye ni thrii moja kati ya nyingi. Kwenye taarifa ya ile shule aliyosoma miaka mitatu, tukalipa ada miaka mitatu, hayumo kabisa.

Naandika haya kidato cha nne wa 2025 wakiwa kwenye mtihani, Januari matokeo yatatoka, Februari tutaitwa tena ukumbini. Nimeshachapisha steshenari pale Kimara kurasa mbili, ya kidato cha pili 2022 na ya kidato cha nne 2024, nimezibana pamoja, nakala ishirini. Wazazi sita tumekubaliana tutakaa viti vya mbele. Chini ya ukurasa wa pili nimeacha mistari kumi mitupu, juu yake nimeandika kwa mkono, walioondoka na walikoenda, na nakala ya kwanza nitampa mwenyekiti wa bodi kabla projekta haijawashwa.